Vijiko vya Chai na Wingu la Saa Tisa

Siku moja ya Januari naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu, na mama yako anisamehe. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina masikio mawili yanayosikia, na nina mdogo wangu aitwaye Yusufu. Leo nina sikio moja, na Yusufu niliyebaki naye ni wewe uliyerithi jina lake.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulishusha lile kopo la maziwa ya unga lililo juu ya kabati, ukakuta vijiko. Ukanijia navyo kiganjani vinang'aa, ukaniuliza kwa Kiingereza chenu kama ni vya kuvulia, na kama unaweza kwenda navyo bwawani Jumamosi na wenzako wa chuo. Nikakujibu "tutaona", nikawasha televisheni. Lile halikuwa jibu la mzazi. Jibu ndilo hili. Nimeliandika kwa Kiswahili makusudi, na kwa mkono wa mtu aliyeishia darasa la tano, kwa hiyo utalisoma polepole. Polepole ndiyo niitakayo.

Vijiko vile nilivitengeneza mimi. Wakati huo nilikuwa nachomelea mageti kwenye karakana moja hapahapa Doornfontein, Joburg. Kwetu Ujiji, kwenye ziwa Tanganyika, samaki aitwaye mgebuka hushikwa kwa kitu kinachong'aa. Babu yako alifunga unyoya mweupe na kipande cha bati juu ya ndoana, na samaki akaja mbio kama mtu aliyesikia harufu ya pilau. Basi nilipoambiwa kwamba mabwawa ya huku yana samaki anaitwa besi, mgongo wa kijani, mdomo mpana kama wa mtu mwenye maneno mengi, na kwamba siku za joto hufukuza visamaki vichanga juu juu mpaka maji yanachemka, nikasema huyu ni mgebuka aliyepata pasipoti. Nikaenda Fordsburg nikanunua vijiko vya chai, vile vyepesi vya kuuzwa kwa dazeni. Nikakata mpini, nikatoboa tundu huku na huku, nikakigonga kila kimoja kipinde kidogo ili kikivutwa kiyumbe kama samaki aliyeumia. Nikavisugua kwa dawa ya meno na kitambaa mpaka ukijitazama unaona pua yako. Bora kuliko vyote kilikuwa kile nilichokipunguza kikawa kama ukucha wa dole gumba. Watu hudhani samaki mkubwa hutaka chambo kikubwa. Sivyo. Wakati wa joto anakula vichanga, nawe mpe kilicho kipimo cha anachokula.

Haya nakufundisha bila kinyongo, ujue. Uvuvi si adui yangu.

Yusufu alifika huku mwezi wa kumi, na ile Januari alikuwa hajamaliza hata miezi minne. Alikuwa mrefu kunishinda, mcheshi, na kila akiona robot, taa ya barabarani kwa lugha ya huku, imewaka nyekundu na hakuna gari linalopita aliwacheka watu waliosimama. Bibi yako alinipigia simu siku aliyopanda basi. Aliniambia, "Hamisi, nakukabidhi. Nilikuwa na wawili, sasa wote wako kwako." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Neno hilo, wasiwasi, nimelichukia tangu hapo.

Sasa nitaje majina. Watu hunishauri: Hamisi, samehe, usitaje. Kusamehe nimejaribu. Kutaja nitataja.

Wa kwanza ni Deo Mulimbi, mtu wa Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu, mlinzi wa maduka, aliyekuwa ameishi Joburg miaka kumi na zaidi. Alikuwa na bakki nyeupe, yaani pikapu, na fimbo tatu nyeusi za kuvulia, za kaboni, nyepesi kama bua, alizopenda kuliko watu. Jumapili alikuwa na ubatizo wa mwanawe wa kwanza, naye alishawatangazia wageni kwamba watakula samaki wabichi aliowavua kwa mkono wake, si wa barafu ya dukani. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi akatupitia mimi na Yusufu, tukapita Diepsloot, tukaingia barabara ya vumbi mpaka kwenye bwawa la shamba moja.

Getini tulimkuta mzee wa Kisotho, Ntate Molefe. Huku mzee wa Kisotho humwiti kwa jina kavu, unatanguliza Ntate, yaani baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa mguu mmoja kwa waya. Juu yake, kwenye mkaratusi, lilining'inia jembe kuukuu la trekta. Alitupokea vizuri. Akatuambia, kwa Kizulu chepesi alichoona tutakielewa, sheria moja tu ya pale: "Nikiligonga hili jembe, mnaacha kila kitu mnatoka majini. Hata kama mmeshika nyangumi."

Yusufu akacheka sana. Mzee naye akacheka, lakini kidogo.

Asubuhi nzima hatukupata kitu. Naiita siku ya kiangazi kwa kukosa neno, maana huku joto na mvua hula sahani moja: asubuhi mbingu ni bluu tupu, saa sita mawingu yanaanza kupanda kama povu la sabuni, saa tisa mbingu inadai haki yake. Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema kweli, ila wahenga wale hawakufika Joburg. Huku wingu linaweza kuwa mbali kule milimani, juu yako jua linawaka, na kumbe umeshahesabiwa.

Saa nane na nusu maji yakachemka. Besi waliwasukuma visamaki mpaka pembeni, vikawa vinaruka nje kama mafuta ya moto. Yusufu akatupa kijiko changu kidogo, hakuvuta mara tatu, akashika. Akashika tena. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini, suruali imekunjwa, anaimba.

"Kaka, hawa samaki wa Kizungu hawana akili," akasema. "Wanakula vyombo."

"Watamaliza vijiko, kesho wataomba na sufuria," Deo akamjibu. "Vua, bwana mdogo, kanisa zima linakusubiri."

Nikageuka magharibi nikaona wingu. Lilikuwa jeusi chini, jeupe juu, limesimama kama ghorofa. Nami nikafanya kosa ambalo mtu wa hapa asingelifanya. Nikatafuta upepo. Kwetu ziwani, mwanangu, mvua haikukimbizi. Mvua ni maji juu ya maji. Kinachoua ni upepo. Ukisikia upepo umebadilika shavuni, unakunja nyavu bila kuuliza. Baba alinilea hivyo, na baba yake alimlea hivyo. Basi nikalamba kidole, nikakiinua juu. Hakuna upepo. Nikajiambia tuko salama. Elimu ya baba yangu ilikuwa nzuri, mwanangu, lakini ilikuwa ya ziwa lake.

Jembe likagongwa. Nga, nga, nga, mpaka ng'ombe wa shamba wakainua vichwa.

Nikaanza kuvuta mshipi. Deo akaniangalia. "Eh, kaka wa Ujiji. Kengele ya shule imekutisha?"

"Mzee anatuita, Deo."

"Mzee anataka kwenda kulala. Upepo uko wapi? Sisi watu wa Tanganyika tunakimbia upepo, hatukimbii makelele." Kisha akasema anakwenda kuleta ndoo nyingine ya samaki kwenye bakki. Akaenda. Nilimwona akiingia ndani ya gari, akafunga mlango, akapandisha vioo, na kwenye joto lile. Hakurudi. Miaka kumi na zaidi Joburg! Yeye alijua. Tulikuwa wageni wawili tusiojua, na mwenyeji wetu alikuwa amekaa ndani ya gari anasubiri samaki wake. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kweli, yeye alipona.

Ntate Molefe alipoona hatutoki alikuja mwenyewe kwa miguu, bila kofia, anatembea haraka jinsi magoti yake yalivyomruhusu. Akasimama ukingoni.

"Ninyi mnayajua maji," akaniambia. "Naona, mnayajua. Lakini hapa maji hayaui. Kinachoua kiko juu, na ninyi mnakinyooshea kidole." Akaonyesha fimbo nyeusi mkononi mwa Yusufu.

"Dakika tano tu, Ntate," nikasema.

"Dakika tano ni zako?"

Nilimpa mgongo, nikainama kufungua fundo. Mzee wa makamo ya baba yangu nilimpa mgongo, kwa sababu ya samaki wa ubatizo usio wangu. Akarudi getini, na nikamsikia akilipiga lile jembe tena, safari hii bila kupumzika.

Yusufu akanigeukia. Wimbo alikuwa ameuacha. "Kaka, tutoke?"

Mwanangu, hapo ndipo pa kusimama usome mara mbili. Aliniuliza. Nilikabidhiwa, na aliniuliza. Nami kabla sijafungua mdomo, samaki mkubwa kuliko wote akakikamata kile kijiko cha ukucha, fimbo ikapinda mpaka majini, na neno lililokuwa njiani likageuka kinywani. Nikamwambia lile ambalo kila mvuvi humwambia mwenzake aliyeshika samaki.

"Usilegeze. Inua fimbo. Inua juu."

Akainua. Fimbo ikaanza kulia kama nyuki ndani ya chupa. Nilimwona akiitazama kwa mshangao, kama mtu anayetaka kuniuliza ile sauti ni ya nini.

Sikusikia ngurumo. Nilizinduka niko chali, mdomo una ladha ya chuma, mguu wa kushoto si wangu, sikio moja limekufa. Jua lilikuwa bado linawaka nusu ya bwawa. Kitu cha kwanza nilichokiona ni Ntate Molefe, majini mpaka kiunoni, chini ya mbingu ileile aliyoiogopa, anamvuta Yusufu kwa ukosi wa shati. Akamlaza kwenye majani, akamkandamiza kifua, akampulizia kinywani, tena na tena, mvua ikaja ikatupiga, naye hakuacha. Deo alishuka garini mvua ilipokwisha.

Tulimzika kesho yake. Bibi yako hakuliona kaburi.

Ungedhani kosa langu ndilo hilo. Hapana. Hilo lilikuwa la ujinga, na Mungu ni mpole kwa wajinga. Lililofuata nililifanya nikiwa na akili timamu.

Siku ya tatu ya matanga, mchana, watu wamejaa kwenye chumba chetu na kwenye ngazi, mlango ukagongwa. Alikuwa Ntate Molefe. Alivaa koti la suti lililombana, kofia ameishika kwa mikono miwili. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake mlikuwa na kandambili za Yusufu na vijiko vyangu, vyote, alivyoviokota majanini kimoja kimoja, hata kile cha ukucha alichokitoa kwenye mshipi. Alikuwa amepanda teksi mbili kuja mtaa asioujua, anauliza watu, "Wako wapi wale wa Tanzania waliofiwa?"

Deo alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini lakini ya kusikika, "Amekuja kuangalia kazi yake."

Bi Zuhura, msusi wa pale chini, ambaye maneno hayakai mdomoni mwake, akauliza, "Kazi gani?"

"Jiulizeni," Deo akasema. "Jua lilikuwa linawaka. Upepo hakuna. Yeye alijuaje kwamba radi inakuja? Alituambia kabla. Anayejua radi itapiga wapi ni yule aliyeituma."

Unazijua imani zetu. Watu wakaanza kutazamana. Na mimi, niliyekuwepo, niliyemwona yule mzee akimpulizia mdogo wangu pumzi zake mwenyewe, nilikuwa na neno moja la kusema. Ningesema: huyu alitaka kutuokoa, aliyemwambia Yusufu ainue fimbo ni mimi. Basi. Lakini nikaona jinsi macho ya watu yalivyomwelekea mzee, na jinsi yalivyoniacha mimi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaweza kuvuta pumzi mpaka mwisho. Uchawi ulinifaa, mwanangu. Ukiwepo uchawi, mimi si muuaji. Nikatazama viatu vyangu.

Hakuna aliyempa kiti. Kwetu hata mbwa akija matangani hapigwi, lakini mzee yule alisimama mlangoni, kofia mkononi, akisubiri mtu amwambie karibu. Hakujua Kiswahili, ila mtu aliyenyimwa kiti hahitaji mkalimani. Mwisho akauweka mfuko chini taratibu, vijiko vikagongana ndani yake, akainama kidogo, akateremka ngazi.

Jioni hiyo Bi Zuhura alimpigia simu mama yangu, akamweleza kwamba mwanawe alirogwa na mzee wa Kisotho. Namtaja naye. Mama akanipigia. "Hamisi, ni kweli?" Nikasema, "Ndivyo wanavyosema, mama." Tazama jibu hilo lilivyo na akili. Si uongo, si kweli, na limeua zaidi ya radi.

Miaka sita mama alimlaani Molefe katika kila sala. Alilijua jina lake kwa sababu nilimtajia mimi. Kila mwezi nilijiambia nitamweleza nikienda nyumbani, uso kwa uso, maana haya si mambo ya simu. Nilipopata karatasi za kusafiria, yeye alikuwa ametangulia. Jirani aliyemuuguza aliniambia kwamba hata siku za mwisho alikuwa akilitaja jina lile. Mama yangu alikufa akimlaani mtu pekee aliyeingia majini kumfuata mwanawe. Majuto ni mjukuu, wanasema. Ya kwangu ameshakuwa mzee, anatembelea mkongojo, na bado hajatoka nyumbani kwangu.

Niliporudi kutoka msibani nilikwenda mpaka kwenye lile bwawa. Jembe lilikuwepo. Ntate alikuwepo, jicho moja limeingiwa na ukungu. Sikujua nianzie wapi. Aliponitambua alisimama, akakisukuma kile kiti chenye waya kwangu. Akasema, "Kaa."

Nikakaa, yeye kasimama. Nikamwambia yote: fimbo, viatu, mama. Alinisikiliza huku anatazama magharibi, kwa mazoea. Nilipomaliza aliniambia, "Siku ile mlangoni kwenu nilijua umekwishaelewa. Mtu asiyeelewa angeniangalia." Kisha akaniuliza jambo moja tu: "Mama yako ulimwambia?"

Nikatikisa kichwa. Akasema, "Eish, mwanangu," kwa lugha yake, akaweka mkono begani mwangu. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba aseme.

Deo nilimkuta mwaka jana tu kwenye maduka ya Fordsburg, ana mvi, ananunua zulia. Akanikumbatia. Akasema, "Ah, kaka, yule mzee alituumiza." Nilikuwa tayari safari hii. Nikamwambia mbele ya mkewe na mwenye duka: "Mzee hakutuumiza. Wewe ulikaa garini, na mimi nikasema inua fimbo." Mkewe aliniangalia, kisha akamwangalia yeye. Nikaenda zangu. Haikunipa raha niliyoitarajia, lakini usiku ule nililala.

Haya, mwanangu, nakuja kwenye la Jumamosi. Nenda. Sikuzuii, maana anayemzuia mtoto maji humfundisha kwenda kwa siri. Vijiko chukua, anza na kile kidogo, ukivute polepole mara mbili kisha ukiache kizame, humeza kikizama. Nenda alfajiri, rudi saa saba. Wingu likisimama popote unapoweza kuliona, umechelewa tayari: laza fimbo chini, acha samaki na mshipi wake, ingia garini. Usilambe kidole kutafuta upepo kama babu zako. Kila nchi ina kinachoua chake, na anayekijua ni aliyezika watu hapo, si baba yako wala kitabu. Mwenyeji akikwambia toka, toka kwanza, kauli ya kuuliza kwa nini utaipata ukiwa mkavu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Laiti ingekuwa guu, na laiti ingekuwa langu.

Na wenzako ukienda nao, wewe ndiye unayejua sasa. Usikae garini ukawaacha majini. Akikuuliza mmoja "tutoke?", jibu lako liwe limeshakaa mdomoni kabla samaki hajakata shauri.

La mwisho ndilo zito. Siku utakapokosea, kwa kuwa utakosea, wewe ni mtoto wa Adamu na wangu, usiruhusu mtu mwingine abebe kosa lako hata dakika moja, hasa yule mgeni wa lugha asiyeweza kujitetea. Liseme mapema, hata kabla hujapiga mswaki, kwa simu, vyovyote. Usingoje uso kwa uso. Nyuso huondoka. Na yeyote atakayekuja kwenye msiba wako ameshika kofia mkononi, simama, mpe kiti chako.

Mungu akupe mkono mwepesi wa kutupa, na mwepesi zaidi wa kuacha. Akuonyeshe wingu likiwa bado mbali, akukutanishe na wazee wanaogonga jembe, na akupe masikio mawili ya kuwasikia mpaka uzeeni. Jina ulilopewa lilikatishwa njiani; Mungu alifikishe kwako mpaka mwisho wa safari. Amina.